Mdomo Umefumba

Kigango kilitaka msalaba wenye mtu.
Si mti mtupu, alisema katekista Kapaya,
miti mitupu tunayo porini kote hadi Sikonge.
Wakaleta gogo la mninga, kibali kimegongwa muhuri,
na malipo ya awali: elfu themanini na dumu la asali.

Miguu ilikuja yenyewe. Niliiazima
kwa wapagazi wa magunia pale stesheni,
visigino vilivyopasuka kama udongo wa Oktoba.
Mbavu nilizitoa kwangu, mbele ya kioo cha kabati
ambalo mteja hajalichukua hadi leo.
Mikono, ah, mikono ni kazi tu.
Uso ndio ulionigomea.

Wiki mbili nalizunguka lile gogo.
Paroko akanipa kalenda: mzungu mwenye nywele za hariri,
amepauka, anatazama juu kama anayesubiri mvua.
Nikamwambia, Padri, huyu simjui.
Neno likanitoka,
na karakana nzima ikanyamaza, hata randa.

Kwa sababu neno hilo nilishalisema.

Mwaka ule tumbaku ilipokosa bei nilikuwa na kijana wa kazi,
Mlekwa, jina la mtoto aliyeachwa tumboni baba akifa.
Alipiga msasa kama anayeogesha kichanga.
Alinusa ubao gizani akakwambia
huu mninga, huu mkurungu, na hakukosea.
Jumamosi moja nilimtuma sokoni, bawaba nne.
Baiskeli ya mtu ilikuwa imepotea.
Shati lake lilifanana na shati la mwizi.
Basi, hivyo tu. Shati.

Nilifika wamemweka katikati,
tairi linaviringishwa kutoka kwa fundi pancha.
Mmoja akanigeukia, mteja wangu,
nilimtengenezea kitanda cha harusi:
Fundi, huyu si wako?

Jogoo hakuwika. Ilikuwa saa nane mchana.
Ilipiga honi treni ya Kigoma, ndefu,
na chini ya honi ile nikasema, simjui.

Alinisikia. Jicho moja lilikuwa bado wazi.
Angesema, yule pale ndiye bosi wangu, muulizeni,
wangetugawana wote wawili.
Akanitazama.
Akafumba mdomo.

Miaka kumi na tisa nasikiliza mahubiri ya misumari,
nikidhani mateso ni chuma na nyama.
Nilihesabu mijeledi kama karani anavyohesabu magunia.
Sikujua kuna saa ambapo mtu ana jina lako
juu ya ulimi wake, zito kama kokoto,
lingeweza kumwokoa, lingeweza kukuua pamoja naye,
naye analimeza.
Kumbe ndiye huyo.
Nami nilikuwa namtafuta kwenye kalenda.

Nilichonga usiku mmoja. Patasi haikuteleza.

Kamati ikaja, ikazunguka, ikasifu mbavu.
Mama Nyanzala akainama karibu:
Mbona mdomo umefumba? Si alipiga kelele mwishoni?
Nikamwambia, hii ni saa kabla ya hapo.
Wakapunguza elfu kumi kwa ajili ya ufa begani.

Tulimpakia kwenye guta, tukamfunika blanketi la kijivu,
miguu ikabaki nje.
Pale Isevya wauza maandazi wakasimama,
mikono ina unga:
Jamani, mmembeba nani?
Dereva akacheka. Mimi koo lilikauka,
nikajibu mara mbili, ya kwanza haikutoka.
Namjua, nilisema. Huyu namjua.

Njia ya kigango ni mashimo matupu.
Kila shimo, kisigino kiligonga bati.
Nikaweka kiganja changu katikati.